A. S. Hornby: Mwalimu Aliyesomeshwa na Makosa ya Wanafunzi Wake

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu tumezoea kuwaletea habari za washairi, mabaharia na wapigania uhuru. Safari hii tunakuletea mtu wa kamusi. Usifunge jarida bado! Mtu huyu aliishi mbali na nyumbani kwao kwa miaka mingi kama tunavyoishi sisi, akakamatwa wakati wa vita, na kitabu alichokitunga kimekaa kwenye rafu za nyumba nyingi za Waswahili, huenda hata yenu.

Kabla sijakuhadithia, ngoja nikuambie kwa nini tumemchagua.

Muhula uliopita tulipata habari mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja. Alituambia kwamba siku hizi akienda kwenye mkutano wa wazazi katika shule ya mwanawe, hanyanyui tena mkono kuuliza swali. Sababu ni kwamba aliwahi kumwambia mwalimu "explain me", na mwanawe akamsahihisha papo hapo mbele ya watu, huku akicheka. Ya pili ilitoka kwa mwanafunzi wetu mmoja aliyekwenda Tanga likizo. Aliketi mlangoni akimsubiri bibi yake atoke sokoni. Binamu zake walipomwuliza anafanya nini, akajibu, "Nasubiri kwa bibi." Wakaangua kicheko, maana yeye alikuwa tayari yuko kwa bibi! Tangu siku ile hakutaka tena kusema Kiswahili mbele yao.

Unaona? Mama amenyamaza katika lugha moja, mtoto amenyamaza katika nyingine, na kilichowanyamazisha wote wawili ni kineno kidogo tu. Basi sasa tumfuate mtu aliyetumia maisha yake yote kuvifuatilia vineno kama hivyo.

KIJANA WA CHESTER

Albert Sydney Hornby alizaliwa tarehe 10 Agosti 1898 katika mji wa Chester, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Chester ni mji wa kale wenye kuta za mawe zilizoanzia enzi za Warumi. Alisomea lugha na fasihi ya Kiingereza katika University College London. Kwa hiyo alikuwa Mwingereza kwa kuzaliwa, na Kiingereza alikuwa nacho cha nyumbani na cha chuoni. Ungemwuliza wakati ule kama anakijua Kiingereza, bila shaka angekushangaa.

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 25, alifunga safari ndefu kwenda Japani kuwa mwalimu. Alipelekwa Oita, mji ulio katika kisiwa cha Kyushu, kufundisha katika chuo cha biashara. Siku hizo mtu hakwenda Japani kwa ndege. Ilikuwa ni safari ya meli ya wiki nyingi, na ukifika, barua ya nyumbani nayo ilichukua wiki nyingi kukufikia. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, akisikia lugha ambayo hakulelewa nayo. Wazazi, hali hiyo mnaijua.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa kufundisha fasihi ya Kiingereza. Lakini haikuchukua muda akaona kwamba wanafunzi wake hawakuhitaji kuanza na mashairi ya watunzi wakubwa. Walihitaji kuweza kutunga sentensi iliyonyooka. Walikuwa na bidii, walikuwa wamekariri maneno mengi, na kanuni za sarufi walizijua. Lakini wakiyaunganisha maneno yale, sentensi zilitoka kombo.

Fikiria kidogo. Katika Kijapani, kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Vineno vya kuonyesha uhusiano, kama "kwa" au "katika", huja nyuma ya nomino, si mbele yake. Nomino nyingi hazibadiliki kwa umoja na wingi. Sasa mwanafunzi aliyekulia katika lugha hiyo anapofika kwenye Kiingereza, anaona vitu vimegeuzwa juu chini. Akikosea, si kwamba hana akili. Ni kwamba anajenga nyumba mpya kwa ramani ya nyumba yake ya zamani.

VINENO VIDOGO, KAZI KUBWA

Hapa ndipo penye shida yenyewe, basi tusimame tupatazame vizuri.

Chukua kitenzi cha Kiingereza "look". Mtoto wa darasa la kwanza huko uliko anakijua. Lakini ukikiongezea "at", maana yake ni kutazama. Ukikiongezea "for", ni kutafuta. Ukikiongezea "after", ni kutunza. Sisi tuna vitenzi vitatu mbalimbali, wenzetu wana kimoja na viambatanisho vitatu. Mtu anayejifunza Kiingereza ukubwani atafungua kamusi ya kawaida, atakuta "look", atakuta "after", na kila moja lina maana yake. Ataziunganisha maana hizo mbili, na hatapata kutunza hata kidogo.

Tazama na hili. Sisi tunasema "nasubiri basi", kitenzi kinashika nomino moja kwa moja. Kiingereza kinataka "for" katikati. Tunasema "nasikiliza redio". Kiingereza kinataka "to". Tunasema "nakutegemea"; Kiingereza kinataka "on". Nani aliyeamua kwamba hapa iwe "for", pale "to", na kule "on"? Hakuna aliyekaa akaamua. Ni mazoea ya watu kwa karne nyingi. Na mazoea hayana mantiki unayoweza kuikisia ukiwa umekaa chumbani kwako, lazima uoneshwe.

Tena kuna nomino na vitenzi vinavyopendana. Kiswahili tunasema "kufanya kazi ya nyumbani" na pia "kufanya makosa". Kitenzi ni kilekile. Mwingereza anafanya kazi ya nyumbani kwa "do", lakini makosa anayafanya kwa "make", na ukimbadilishia tu anashtuka. Mvua ikinyesha sana, sisi tunaiita mvua kubwa. Yeye haiiti kubwa, anaiita nzito. Ukisema "big rain" atakuelewa, lakini atajua umetoka mbali.

Na usidhani ni Kiingereza peke yake. Hebu mweleze rafiki yako Mwingereza kitenzi chetu "kupiga". Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga miayo, tunapiga chafya na tunapiga hodi. Katika yote hayo hakuna aliyeumia! Mgeni akiifungua kamusi atakuta kupiga ni kumchapa mtu, na atabaki akishangaa tunavyozitendea pasi na miswaki yetu.

Hornby aliyaona mambo haya kutoka upande ambao Mwingereza aliyebaki kwao hawezi kuyaona kirahisi. Samaki hajui kama yumo majini. Kosa la mwanafunzi ndilo linalomwonyesha mwalimu kanuni aliyokuwa akiifuata maisha yake yote bila kujua kwamba ipo.

KUKUTANA NA PALMER

Mjini Tokyo alikuwapo Mwingereza mwingine aliyekuwa akilishughulikia jambo hilohilo. Jina lake Harold Palmer. Alifika Japani mwaka 1922 akiwa mshauri wa Wizara ya Elimu kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka 1923 ikaanzishwa taasisi ya kuchunguza namna bora ya kukifundisha, naye akaiongoza. Hornby, akiwa bado mwalimu huko Oita, alivutiwa na kazi ya taasisi hiyo, akaanza kushirikiana nayo, na katika miaka ya 1930 akahamia Tokyo.

Wawili hao walifanya kazi ambayo watu wengi wangeiona ya kuchosha. Walikusanya maneno yanayoandamana: kitenzi na nomino yake, kitenzi na kihusishi chake, nomino na kihusishi chake. Waliyapanga kwa makundi, kundi baada ya kundi. Mwaka 1933 taasisi ilitoa ripoti nzima juu ya maneno hayo yanayotembea pamoja. Kumbuka kwamba hapakuwa na kompyuta. Ilikuwa ni karatasi, kalamu, macho na subira.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu waliona kwamba mwanafunzi akijifunza neno moja moja, amepewa matofali bila udongo wa kuyashikanisha. Lakini akijifunza neno pamoja na wenzake linaoandamana nao, amepewa kipande cha ukuta kilichokwisha kujengwa.

Mwaka 1936 Palmer alirudi Uingereza. Hornby akabaki, akashika sehemu kubwa ya kazi ya taasisi, na mwaka uliofuata akaanza kazi ambayo ndiyo iliyoliweka jina lake duniani.

KAMUSI YA MTU ANAYEJIFUNZA

Kuanzia mwaka 1937 hadi 1940, Hornby pamoja na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, ambao nao walikuwa walimu wa Kiingereza huko Japani, waliandika kamusi ya namna mpya.

Kamusi nyingi za Kiingereza za wakati huo ziliandikiwa Waingereza wenyewe. Mwingereza akifungua kamusi, mara nyingi anatafuta maana ya neno gumu asilolijua. Maneno mepesi hayamshughulishi. Lakini kwa mgeni mambo ni kinyume. Neno gumu huwa na maana moja au mbili, unalisoma mara moja ukamaliza. Neno jepesi ndilo linalokusumbua: "get", "put", "take", "make". Hayo ndiyo yanayojigeuza kila yanapopata jirani mpya.

Kwa hiyo kamusi ya Hornby haikuuliza tu neno hili lina maana gani. Iliuliza pia linatumikaje. Ilimwambia msomaji ni nomino zipi huhesabika na zipi hazihesabiki, ili asije akaongeza alama ya wingi pasipotakiwa. Ilimpa mifano ya sentensi, ili aone neno likiwa kazini. Na juu ya yote, ilimpa miundo ya vitenzi.

Miundo hiyo ilikuwa 25. Kila mmoja ulipewa namba, na kando ya kila kitenzi katika kamusi ziliwekwa namba za miundo inayokifaa. Ni kama ubao wa daladala: ukiuona unajua gari linapita wapi na halipiti wapi.

Nikupe mfano kutoka kwetu, uone faida yake. Kiswahili tunasema "nipe kitabu". Tunasema pia "nieleze somo". Vitenzi vyote viwili vinamkumbatia mtu ndani yake, na kisha nomino inafuata. Mwingereza naye anakubali muundo huo kwa kitenzi cha kupa: "give me the book". Basi kwa akili safi kabisa mtu wetu anasema "explain me the lesson". Kafuata mantiki, lakini kitenzi hicho hakipiti njia hiyo. Kinataka somo litangulie, kisha "to", kisha mtu. Mwingereza mwenyewe ukimwuliza kwa nini, mara nyingi atakwambia tu kwamba haisikiki vizuri. Jibu hilo halimsaidii anayejifunza. Namba ya Hornby ilimsaidia.

Mfano wa pili: sisi tunasema "nataka uje". Anayejifunza Kiingereza atatafsiri kitu kama "I want that you come". Tena kafuata njia ya kwao, na tena gari limepita njia nyingine: "I want you to come".

Sasa nadhani umeanza kuelewa. Yule mama kwenye mkutano hakusema ovyo. Alikuwa akifuata kanuni ya Kiswahili kwa uaminifu, ndani ya Kiingereza.

VITA VINAINGIA

Muswada wa kamusi ulikamilika mwaka 1940. Dunia haikuwa na utulivu. Ulaya ilikuwa imekwisha kuingia vitani, na Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor. Ghafla Uingereza na Japani zikawa maadui.

Hornby, aliyeishi Japani kwa miaka 17 na kufundisha vijana wa nchi hiyo, sasa alihesabiwa raia wa adui. Aliwekwa kizuizini pamoja na wageni wenzake. Mwaka 1942 akarudishwa.

Na kamusi je? Hapa kuna jambo la kushangaza. Mwaka huohuo wa 1942, katikati ya vita, kampuni ya uchapishaji ya Kijapani iitwayo Kaitakusha iliitoa kamusi hiyo mjini Tokyo. Iliitwa *Idiomatic and Syntactic English Dictionary*. Hebu fikiria: nchi mbili zinapigana baharini na angani, na Wajapani wanachapisha kamusi ya lugha ya adui wao, iliyoandikwa na watu ambao serikali yao inawahesabu maadui. Kazi ya walimu na wachapishaji ilipenya mahali ambapo amani haikuweza kupenya.

Hornby hakurudi nyumbani kupumzika. Alijiunga na British Council, akapelekwa Iran, akafundisha na kushauri mjini Tehran mpaka vita vikakaribia kwisha. Huko alikutana na wanafunzi wa lugha nyingine kabisa, Kiajemi. Sisi tuliosema "bandari", "bustani" na "serikali" tangu utotoni tuna maneno mengi yaliyotoka katika lugha hiyo, yaliyoletwa na biashara ya bahari.

KITABU KINASAFIRI

Vita vilipokwisha, Hornby alirejea London. Mwaka 1946 alianzisha jarida la walimu wa Kiingereza duniani, *English Language Teaching*, akalihariri kwa miaka ya mwanzo. Jarida hilo bado linatoka mpaka leo.

Mwaka 1948 Oxford University Press ikaichapa upya kamusi ya Tokyo. Hawakuipanga upya herufi kwa herufi; waliipiga picha kurasa zilezile za Japani, wakaipa jina jipya: *A Learner's Dictionary of Current English*. Mwaka 1952 jina likaongezwa neno "Advanced". Toleo la pili likatoka mwaka 1963, la tatu mwaka 1974. Kwa miaka hiyo yote kamusi ilikuwa ikizidi kuenea, mpaka ikawa miongoni mwa vitabu vinavyouzwa sana duniani, kwa mamilioni ya nakala.

Ikafika na Afrika Mashariki. Wazazi, mnaikumbuka. Kitabu kinene, mara nyingi jalada lake limeunganishwa kwa gundi, kikiwa juu ya meza ya mwalimu wa Kiingereza au kwenye maktaba ya shule, na pengine nakala moja kwa darasa zima. Aliyekuwa nayo nyumbani alipata marafiki wengi wakati wa mitihani. Watu wengi waliokuja huku ng'ambo kusoma au kufanya kazi waliifunga ndani ya sanduku, kati ya nguo na vikoi. Mtoto, waulize wazazi wako leo kama waliwahi kuitumia.

Hornby aliendelea kuandika. Mwaka 1954 alitoa kitabu kizima juu ya miundo ya sentensi, *A Guide to Patterns and Usage in English*, ambamo alieleza kwa kirefu yale ambayo kamusi iliyasema kwa namba. Alitunga pia vitabu vya kozi kwa watu wazima wanaojifunza.

FEDHA ZA KAMUSI ZILIKWENDA WAPI?

Kitabu kinachouzwa kwa wingi humletea mwandishi wake fedha nyingi. Mwaka 1961 Hornby alianzisha mfuko wa elimu wenye jina lake, akautengea sehemu kubwa ya mapato yake ya uandishi. Kazi ya mfuko huo ni kuwasaidia walimu wa Kiingereza kutoka nchi nyingine, hasa wasio na uwezo, wapate kusoma zaidi nchini Uingereza na kurudi kufundisha kwao.

Ukiitazama kwa makini, ni duara lililofungwa vizuri. Makosa na maswali ya wanafunzi wa ugenini ndiyo yaliyompa kamusi. Kamusi ikampa fedha. Fedha akazirudisha kwa walimu wa ugenini.

Hornby alifariki dunia Septemba 1978, akiwa na umri wa miaka 80. Kamusi yake imeendelea kutolewa na wahariri waliomfuata, na jina lake halikuondoka kwenye kitabu hicho kwa muda mrefu. Miundo yake 25 imebadilishwa na kurahisishwa, kwa sababu namba nyingi ziliwachosha wasomaji. Lakini wazo lenyewe, kwamba neno lifundishwe pamoja na jirani zake, limebaki katika takriban kila kamusi nzuri ya anayejifunza.

SASA TURUDI NYUMBANI

Mwanafunzi, nina neno nawe. Umezaliwa huku au umekuja mdogo, na Kiingereza kimekuingia bila jasho. Huo ni mtaji mkubwa. Lakini mama au baba anapokosea "for" na "to", usidhani wewe umemzidi akili. Yeye amebeba lugha mbili, tatu, pengine nne kichwani, na ile ya kwanza inamvuta mkono anapotumia ile ya mwisho. Ukitaka kumsahihisha, msahihishe kama mwana wa watu: mkiwa wawili, kwa upole, na ukiwa tayari kusahihishwa nawe.

Maana wewe nawe unavutwa mkono. Ulisema "nachukua picha" kwa sababu Kiingereza kinachukua picha, sisi tunaipiga. Ulisema "naangalia kwa viatu vyangu" kwa sababu kichwani ulikuwa na "look for", sisi tunavitafuta. Ulisema "mimi niko miaka tisa" kwa sababu Mwingereza *ni* miaka tisa. Sisi miaka tunayo. Na yule mwenzako wa Tanga alisema "nasubiri kwa bibi" kwa sababu ya "wait for". Katika Kiswahili "kwa bibi" ni nyumbani kwake bibi, ndiyo maana binamu walicheka. Kosa lake na la yule mama ni kosa moja, limevaa nguo mbili tofauti.

Wazazi, nanyi tuna neno nanyi, kwa heshima. Mtoto akisema hivyo, msimkatishe kwa kicheko wala kwa kumwambia amekuwa mzungu. Msikilizeni, kisha mrudieni sentensi yake ikiwa imenyooka: "Aa, unatafuta viatu vyako? Viko chini ya kitanda." Amesikia kitenzi na nomino yake vikiwa pamoja, na hakuna aliyeaibika. Kesho atasema hivyo mwenyewe. Mtoto aliyechekwa hukumbuka kicheko, si somo.

Na yule mama? Muhula huu tumemwomba aje darasani atusaidie. Atakaa na mwanawe meza moja. Mwana atamfundisha vineno vya Kiingereza vinavyomsumbua, naye atamfundisha mwana vitenzi vya "kupiga". Wote wawili wamekubali. Mwana ameomba aanze yeye kukosea.

ZOEZI LA NYUMBANI

Fanyeni pamoja, mzazi na mtoto, mezani baada ya chakula. Sharti ni moja tu: hakuna kucheka mpaka zoezi liishe.

Sehemu ya mtoto. Nyoosha sentensi hizi:
1. Nachukua picha ya paka wetu.
2. Dada anaangalia kwa soksi zake.
3. Nilisubiri kwa rafiki yangu nje ya shule, lakini hakuja.
4. Mimi niko miaka kumi.
5. Usifanye kelele, mtoto amelala.

Sehemu ya mzazi. Sema sentensi hizi kwa Kiingereza, mtoto akusikilize na akusaidie vineno vidogo:
1. Nieleze hesabu hii.
2. Jana ilinyesha mvua kubwa.
3. Nilifanya makosa mawili.
4. Shangazi ameolewa na daktari.
5. Nataka usome kila siku.

Sehemu ya wote. Andikeni vitu vingi iwezekanavyo ambavyo Waswahili "hupiga". Familia itakayoleta orodha ndefu kuliko zote Jumamosi ijayo itaanza kupakuliwa sambusa wakati wa mapumziko.